Mluzi ndani ya Hiace: kelele za redio ya gari zinatoka wapi

GOMA – Mwishoni mwa mwaka 2022, wakati familia nyingi kutoka Rutshuru na Nyiragongo zilikuwa zimejaa Kanyaruchinya, nilipanda taksibasi kushuka mjini. Ilikuwa Hiace ya zamani, usukani upande wa kuume, lakini redio yake ilikuwa mpya kabisa, ya taa za buluu. Saa ya habari ilipofika dereva akaongeza sauti. Kila alipokanyaga mafuta, mluzi mwembamba ulipanda ndani ya spika, wiiiii, na alipoachia mguu, mluzi nao ukashuka. Mtangazaji alikuwa anaeleza magari yanafika mpaka wapi kwenye barabara ya Rutshuru. Wakati huo huo dereva akakanyaga ili apite lori, na jina la mahali likamezwa.

“Amesema Kibati ao Kibumba?” akauliza mama mmoja aliyekaa karibu na mlango, mtoto mgongoni.

“Kibati, mama.”

“Hapana, Kibumba njo amesema,” akajibu kijana wa nyuma, na gari zima likagawanyika.

Kwa mtu asiyejua upande ule, hayo ni majina mawili tu yanayofanana. Kibati ni hapo hapo, hatua chache ukipita Kanyaruchinya. Kibumba iko mbele zaidi, ndiko kunakotoka kabichi, karoti na viazi vinavyouzwa sokoni Virunga, na ndiko kulikokuwa na shamba la mama yule. Kama ni Kibati, habari hiyo haikumhusu. Kama ni Kibumba, angeweza kumtuma mtoto wake mkubwa aende aone kama nyumba bado imesimama. Aliteremka Birere akiwa ameamua kuamini kwamba ni Kibumba.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwauliza mafundi umeme wa magari swali moja: kwa nini redio inapobadilishwa, kelele inaingia? Majibu yao yalinipeleka mbali kuliko nilivyotegemea, mpaka Chicago ya mwaka 1930 na Japani ya zamani ya televisheni. Nimeona niyaandike, kwa sababu kila aina ya kelele ina umri wake na mahali ilipozaliwa, na ukishajua hivyo unajua pia uanze kuitafuta upande gani.

Tuanze na swali la kwanza: kwa nini dereva wa Goma anabadilisha redio iliyokuja na gari, wakati bado nzima?

Sababu ni habari. Mkoa wetu umezoea kuishi sikio likiwa kwenye redio. Mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipofurika Goma na Bukavu, waandishi wa habari kutoka Uswisi walianzisha Radio Agatashya, ikirusha matangazo kutoka Bukavu. Agatashya kwa Kinyarwanda ni yule ndege mbayuwayu. Vita vya 1996 viliizima. Lakini waliokuwa nyuma ya redio ile ndio walioanzisha Fondation Hirondelle, na hirondelle kwa Kifaransa ni mbayuwayu huyo huyo. Tarehe 25 Februari 2002 shirika hilo, pamoja na MONUC, lilifungua Radio Okapi, ikisema Kifaransa, Lingala, Kiswahili, Tshiluba na Kikongo. Goma wakati huo ilikuwa bado imekaa juu ya mawe ya moto: Nyiragongo ilikuwa imelipuka tarehe 17 Januari, wiki tano na nusu nyuma, na lava ilikuwa imepita katikati ya mji. Hapa kwetu Okapi iko kwenye 105.2 FM, na namba hiyo hata mtoto wa shule anaijua.

Sasa, magari yetu mengi ni ya mtumba kutoka Japani. Redio ya gari la Japani ya miaka ile inaanza 76 na kuishia 90. Ukizungusha kitufe mpaka mwisho hufiki 105.2, wala hufiki 95. Si ubovu, ilitengenezwa hivyo. Nchi nyingi duniani zilitenga kuanzia 87.5 mpaka 108 kwa ajili ya FM, lakini Wajapani walipanga nafasi ya 90 mpaka 108 iwe ya televisheni: chaneli ya kwanza, ya pili na ya tatu, kila moja megahertzi sita. Kwa hesabu hiyo, mahali Radio Okapi inapokaa Goma, kule Japani palikuwa ndani ya chaneli ya tatu ya televisheni. Televisheni hiyo ya zamani ilizimwa sehemu kubwa ya nchi tarehe 24 Julai 2011, na tangu 2014 Wajapani walianza kutumia nafasi ya juu ya 90 kwa redio. Lakini Hiace ya mwaka 1998 haijapata habari hizo.

Kwa hiyo dereva ana njia mbili. Ya kwanza ni kufunga kikopo kidogo kinachoitwa ekspanda kati ya anteni na redio. Kikopo hicho kinapokea mawimbi, kinapunguza idadi fulani ya megahertzi, kisha kinayapitisha. Kama kinapunguza 20, basi 105.2 inatokea kwenye 85.2. Ndiyo maana utakuta dereva anakuambia kwa uhakika kwamba Okapi iko “quatre-vingt-cinq deux”, na ukimbishia anakuona wewe ndiye mgeni. Ubaya wake ni kwamba vituo vilivyo kati ya 90 na 96 vinaangukia chini ya 76, na redio haifiki huko, kwa hiyo vinapotea. Ekspanda ya bei ndogo nayo huongeza mchakacho wake yenyewe.

Njia ya pili ni kutoa redio ya Kijapani na kuweka nyingine. Hapo ndipo mluzi unapoanza, na hapo ndipo tunarudi mwanzo kabisa wa redio ya gari, kwa sababu kelele na redio ya gari ni mapacha.

Mwaka 1930 ndugu wawili wa Chicago, Paul na Joseph Galvin, walitaka kuuza redio inayoweza kufungwa ndani ya gari. Wazo halikuwa geni. Watu walikuwa wameshajaribu. Tatizo lilikuwa kwamba injini ikiwaka, husikii kitu isipokuwa tatatatata. Akina Galvin na wenzao, mmoja wao William Lear, walihangaika na kelele hiyo kipande kwa kipande mpaka redio ikasikika ndani ya Studebaker ya Paul. Mwezi Juni mwaka huo aliiendesha mpaka Atlantic City, kwenye mkutano wa watengenezaji wa redio. Hakuwa na nafasi ndani ya ukumbi, akaegesha gari nje na kufungulia sauti wapita njia wasikie. Redio hiyo aliiita Motorola, jina ambalo baadaye lilichukuliwa na kampuni yenyewe.

Kelele ile ya tatata ilitoka wapi? Kwenye buji, ambazo majirani zetu wa Tanzania na Kenya wanaziita plagi. Buji huwasha petroli kwa cheche. Na cheche, kwa bahati mbaya, ndiyo mashine ya kwanza kabisa ya kurusha mawimbi ya redio: Marconi na wenzake wa zama zake walituma ujumbe hewani kwa kurusha cheche. Maana yake ni kwamba injini ya petroli ni kituo cha redio cha kizamani kinachotembea, kikirusha matangazo yasiyo na maneno. Injini ya silinda nne yenye distribita ya kawaida, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, inatoa cheche 6,000 kwa dakika hiyo hiyo, yaani 100 kila sekunde. Anteni iko mita moja kutoka hapo. Itaacha kusikia?

Dawa iliyopatikana miaka ile bado ndiyo dawa ya leo: kuweka ukinzani kwenye njia ya cheche, ili iwashe petroli bila kupiga kelele nyingi hewani, na kuweka kapasita kwenye dinamo. Siku hizi ukinzani umefichwa ndani ya buji yenyewe. Kwenye buji za NGK, kwa mfano, tazama herufi zilizoandikwa: BPR5ES ina R, maana yake ina ukinzani ndani, BP5ES haina. Fundi mmoja wa Birere aliniambia amewahi kuletewa Carina ambayo redio yake ilianza kupiga tatata wiki ile ile ilipobadilishwa. Mwenye gari aliapa kwamba redio ni mbovu. Kumbe siku hiyo hiyo alikuwa ameweka na buji mpya, za bei ndogo, zisizo na R. Redio haikuwa na kosa lolote.

Kutoka hapo fundi huyo amejifunza kuuliza kwanza: gari ni la petroli au la mazuti? Injini ya mazuti haina cheche. Ukisikia kelele kwenye Land Cruiser ya mazuti, usipoteze muda kwenye buji zisizokuwapo.

Miaka iliyofuata ilikuwa na vituko vyake, nitaipita haraka. Redio za lampu zilihitaji umeme mkubwa kuliko ule wa betri, kwa hiyo ndani yake kulikuwa na kidude kilichotetemeka kukata umeme vipande vipande ili uweze kupandishwa. Redio yenyewe ilivuma kama nyuki hata kabla ya kufika kituo. Transista zilikiondoa kidude hicho kuanzia katikati ya miaka ya 1950. Kabla ya hapo, mwaka 1952, Blaupunkt ya Ujerumani ilikuwa imetoa redio ya gari yenye FM. Hiyo ilikuwa nafuu kubwa. FM, aliyoipatia hati za ugunduzi Edwin Armstrong wa Marekani mwaka 1933, haisomi ukubwa wa wimbi bali kasi ya mtetemo wake, wakati kelele za cheche hucheza zaidi na ukubwa. Ndiyo sababu mpaka leo, kwenye gari lile lile, masafa mafupi au ya kati yanaweza kuchemka kama mafuta ya sambusa huku FM ikiwa safi.

Lakini mluzi wa ile Hiace haukuwa tatata, na ulisikika kwenye FM. Huo umezaliwa baadaye, na mama yake ni altaneta.

Zamani gari lilichaji betri kwa dinamo. Mwaka 1960 Chrysler ya Marekani iliweka altaneta kwenye gari lake la Valiant, na watengenezaji wengine wakafuata. Altaneta inachaji vizuri hata gari likiwa limesimama kwenye foleni. Lakini umeme unaozaliwa ndani yake ni wa kwenda na kurudi, na betri haiutaki huo. Kwa hiyo kuna diodi, kwa kawaida sita, zinazougeuza uende upande mmoja. Umeme unaotoka hapo haujanyooka kabisa; una vijimawimbi juu yake, kama barabara ya Sake wakati ilipokuwa ya vumbi. Injini ikizunguka haraka, vijimawimbi vinakuja haraka, na sikio linasikia mluzi ukipanda. Ndiyo wiiiii inayofuata mguu wa dereva.

Betri nzuri iliyofungwa vizuri inameza sehemu kubwa ya vijimawimbi hivyo. Kwa hiyo kabla hujamlaumu aliyekuuzia redio, fungua boneti utikise vichwa vya betri. Kikiwa kinacheza, au kimeota ule unga mweupe na wa kijani, kisafishe, kaza, kisha usikilize tena. Kama una mita, pima betri injini ikiwaka: inatakiwa ionyeshe karibu 13.8 mpaka 14.4. Kisha geuza mita isome umeme wa kwenda na kurudi kwenye betri hiyo hiyo. Ikionyesha nusu volti au zaidi, kuna diodi iliyokufa ndani ya altaneta, na hakuna chujio la dukani litakalokuponya.

Kama betri na altaneta ni nzima, na mara nyingi ni nzima, basi tunafika kwenye neno ambalo mafundi wa Goma wanalisema kuliko neno lingine lolote: masi.

Masi ni la masse ya Kifaransa. Tanzania wanasema ethi, yaani ardhi, na neno hilo limewapoteza wengi, kwa sababu gari liko juu ya mipira na haligusi ardhi. Afadhali hivyo, mawe yetu ya lava yakikauka hayapitishi umeme vizuri, na kama gari lingetegemea ardhi ya Goma lisingewaka. Masi ya gari ni bodi lenyewe. Upande mmoja wa betri umefungwa kwenye bodi, na kila kifaa, taa, honi, pampu ya mafuta, redio, kinarudisha umeme wake kupitia bati hilo. Bodi ni barabara moja ya kurudia nyumbani kwa wote.

Barabara hiyo ina foleni. Umeme wa altaneta, taa na feni ukipita kwenye bati, nukta mbili za bodi hazilingani kabisa. Zinaweza kupishana kwa sehemu ndogo sana ya volti. Taa haijali. Redio inajali. Na ukiongeza ampli chini ya kiti, redio imefungiwa masi yake mbele kwenye dashibodi, ampli imefungiwa yake sakafuni, na kati yao kuna waya wa sauti wenye ganda linalogusa pande zote mbili. Umeme wa bodi unaona njia nyingine ya mkato: unapita ndani ya ganda la waya wa sauti. Ampli haijui kutofautisha sauti ya mtangazaji na vijimawimbi vya altaneta; kazi yake ni kukuza, basi inakuza vyote.

Redio ya kiwandani ilikuwa imekingwa na hayo. Plagi yake ilikuwa na waya wa masi unaokwenda mahali palipochaguliwa, na mara nyingi sanduku lenyewe limekazwa kwa skrubu kwenye chuma kitupu. Anayebadilisha redio kwa haraka hukata plagi hiyo, huunga nyaya kwa kuzisokota, na waya mweusi anaupeleka kwenye skrubu yoyote iliyo karibu. Skrubu hiyo inaweza kuwa imeshika plastiki, au chuma chenye rangi. Rangi haipitishi umeme. Redio itawaka hata hivyo, kwa sababu itapata masi kupitia ganda la waya wa anteni, ambao umefungwa kwenye bodi kule mbele. Inafanya kazi, dereva analipa, anaondoka. Mluzi umeshapanda gari.

Jaribio la kulijua hilo halihitaji pesa. Chukua waya mrefu mzima, ufunge upande mmoja kwenye sanduku la redio na mwingine moja kwa moja kwenye upande hasi wa betri, injini ikiwaka. Mluzi ukikatika, umepata. Toa waya wa majaribio, tafuta chuma kitupu, kwangua rangi kwa msasa, kaza kwa skrubu na pete ya chuma. Kama kuna ampli, ilete masi yake mahali pamoja na ile ya redio, au karibu iwezekanavyo. Usipitishe waya wa sauti ubavuni mwa waya mnene unaotoka kwenye betri. Mmoja uende kushoto mwa gari, mwingine kulia.

Kuna mbinu nyingine mbili ambazo nimeziona zikiokoa muda. Punguza sauti mpaka sifuri. Mluzi ukibaki vile vile, hautoki hewani wala haupiti kitufe cha sauti. Uko kwenye ampli au nyaya za baada ya redio. Mluzi ukipungua pamoja na sauti, chomoa anteni. Ukinyamaza, uliingia kupitia anteni. Ukiendelea, unaingia kwa waya wa umeme au masi. Dakika mbili, na tayari umeondoa nusu ya gari kwenye orodha ya watuhumiwa.

Spika nazo, ambazo wengine hapa tunaziita bafle, zina historia yao. Katika magari ya zamani, upande mmoja wa kila spika ulifungwa kwenye bodi, kuokoa waya. Fundi aliyejifunza kazi kwenye magari hayo bado ana mazoea ya kuunganisha nyaya hasi za spika pamoja na kuzipeleka masi. Kwa redio za leo hilo ni kosa kubwa. Ndani yake kila spika inasukumwa kutoka pande zote mbili, na nyaya zote mbili zinakaa kwenye nusu ya umeme wa betri, karibu volti sita. Ukiugusisha mmoja kwenye bodi, redio itajizima kujikinga, au itakoroma, au itaungua. Kama kelele yako ni krakra inayotokea unapofunga mlango au gari likiruka kwenye shimo, tazama nyaya zinazopita kwenye bawaba ya mlango: ganda limekatika na shaba inabusu chuma.

Rangi za nyaya za redio mpya karibu zote ni za namna moja, na inafaa kuzikariri. Njano ni umeme wa kudumu, ndio unaotunza saa na vituo. Nyekundu ni wa ufunguo. Nyeusi ni masi. Nyeupe, kijivu, kijani na zambarau ni spika, na ule wenye mstari mweusi ni upande hasi. Kuna mmoja ambao wengi wanauacha ukining’inia: buluu. Huo unapeleka umeme kwenye anteni. Magari mengi ya Kijapani yana anteni iliyofichwa kwenye kioo, na pembeni yake kuna kikuzaji kidogo kinachohitaji umeme huo. Usipouunga, redio itawaka vizuri, CD itapiga vizuri, lakini FM itakuwa shwaaa, na kituo kitapotea ukifika Mugunga. Watu wamenunua redio ya pili na ya tatu kwa sababu ya waya huo mmoja.

Zimebaki kelele za ujana wetu. Simu kwanza. Kila mkaaji wa Goma anaijua ile titi-titi-titi kwenye spika, sekunde moja kabla simu haijalia. Mtandao wa kizazi cha pili unarusha kwa vipande, takriban 217 kwa sekunde, na waya wowote wa sauti ulio karibu unakuwa anteni. Hiyo si ubovu wa redio, sogeza simu. Ya pili ni chaja ya simu inayochomekwa kwenye kiwashio cha sigara, na taa za LED za bei ndogo. Ndani yake umeme unakatwa maelfu ya mara kila sekunde, kama kile kidude cha redio za lampu, ila safari hii bila chujio. Ichomoe usikilize. Mara nyingi nusu ya tatizo inaondoka nayo.

Hili la chaja linawahusu pia wasiokuwa na gari. Wakati wa kambi, na hata baada ya kambi kuvunjwa mwanzoni mwa 2025 familia zikatawanyika tena, watu wengi wameniambia kwamba redio yao ndogo “imechoka”, haishiki vizuri usiku. Nikiuliza iko wapi, iko juu ya sanduku la betri ya sola, pembeni ya simu tano zinazochajiwa. Isogezeni mita mbili au tatu, iwashe kwa mawe yake yenyewe badala ya waya wa sola, mnyooshe anteni. Kwa wanaosikiliza masafa mafupi tofauti ni kubwa zaidi.

Ile Hiace niliikuta tena miezi kadhaa baadaye, Birere, dashibodi imefunguliwa na nyaya nje kama matumbo ya mbuzi. Fundi alikuwa mzee wa maneno machache. Waya mweusi wa redio aliukuta umefungwa kwenye skrubu ya kishikio cha plastiki. Aliukata, akakwangua chuma nyuma ya dashibodi mpaka kikang’aa, akaukaza hapo, akamwambia dereva akanyage. Mluzi ulishuka sana, lakini haukwisha. Mzee akanyoosha mkono bila kusema kitu, akachomoa chaja ya simu. Kimya.

“Papa, sasa simu nitaichaji wapi?” dereva akalalamika.

“Habari ikianza unaichomoa. Habari ikiisha unaichomeka.”

Mimi nilimweleza dereva habari ya siku ile ya Kibati na Kibumba. Jioni ya siku ile nilikuwa nimesikiliza marudio ya habari nyumbani, kwenye redio isiyo na mluzi. Jina lilikuwa Kibati. Nilimuuliza kama anamkumbuka mama yule mwenye mtoto mgongoni, kama amewahi kumbeba tena. Alifikiri kidogo huku akitafuta 105.2. Hapana, alisema, kwenye safari za Kanyaruchinya alikuwa anabeba akina mama wengi wenye watoto mgongoni, na karibu wote walikuwa wanauliza jina la mahali.